Kurudi nyuma, kutibu papo hapo au kupiga window: uchague lipi draiva ya kioo na ruhusa za faili zikigoma

Ijumaa moja baada ya swala alikuja mwalimu hapa kibandani kwangu Ngamiani, Tanga, laptopu ameifunga kanga na kuilaza kwenye kikapu cha baiskeli. Nikamkaribisha kiti.

"Kaka, hii imepigwa window juzi," akasema. "Kabla ya hapo kioo kilikuwa kinazimazima. Sasa hakizimi, ila hebu angalia mwenyewe."

Nikaangalia. Ikoni zimekuwa kubwa kama vigae vya msikitini, mwanga wa kioo haupungui wala hauongezeki, na maandishi yamevutwa kwa upana. Hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni folda ya mitihani kwenye diski D: kila akiibofya inamjibu kwamba hana ruhusa ya kuifungua.

"Faili zangu, laptopu yangu. Sasa mwenye ruhusa ni nani?"

Swali lake ni zuri kuliko majibu mengi ninayoyasikia kwa sisi mafundi. Alikuwa na tatizo moja, akatibiwa, akaondoka na mawili. Na aliyempigia window, yaani aliyemwekea Windows upya, hakumwibia wala hakumdanganya. Alifanya tunachofanya wengi, yaani kuchukua njia ya mwisho na kuanza nayo. Njia zipo tatu. Nitaziweka moja kando ya nyingine hapa, maana anayekaa mbele ya mashine inayogoma huwa hana muda wa kuzitafuta vipande vipande.

Vipimo vinne vya kuchagulia

Kwanza, je, hatua hiyo inarudishika? Ukikosea, unaweza kusema "samahani, turudi tulipokuwa"?

Pili, je, faili zako zinaguswa? Kompyuta inanunulika nyingine. Picha za harusi ya dada yako hazinunuliki.

Tatu, bando na umeme. Draiva (programu inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa) ya kadi za picha za NVIDIA huvuka MB 500, na faili la kuwekea Windows 11 huzidi GB 4. Laptopu nyingi za mtumba betri zake zimechoka, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kazi ndiyo imetoka hiyo.

Nne, mkono wa nani? Kuna kazi unazifanya mwenyewe jioni ukinywa kahawa, na kuna nyingine ni afadhali umtafute mzoefu.

Lakini kwanza, una uhakika unaumwa nini?

Sehemu hii watu huiruka, na ndiyo inayookoa hela.

Ugonjwa wa draiva una sura zake. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Device Manager, kisha fungua mstari wa Display adapters. Ukikuta pameandikwa Microsoft Basic Display Adapter, kadi yako haina draiva yake. Windows imeivalisha nguo ya kuazima. Ukikuta alama ya njano, bofya mara mbili usome namba. Code 43 maana yake kifaa kimeripoti hitilafu na Windows imekisimamisha. Hiyo inaweza kuwa draiva, na inaweza kuwa kadi yenyewe imekufa, kwa hiyo usiichukulie kuwa hukumu.

Kioo kinachozima sekunde moja mbili kisha kikarudi nacho kina maelezo yake. Windows huisubiri kadi kwa sekunde 2. Isipojibu, huiwasha draiva upya, na kumbukumbu ya tukio hilo utaikuta kwenye Event Viewer kwa namba 4101. Ukitaka kuiwasha upya kwa mkono, bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B. Kioo kitapepesa, utasikia mlio mfupi, na ulichokuwa ukiandika kitabaki palepale. Wapo wateja niliowafundisha hilo tu wakaenda zao.

Mistari ikianza kuonekana tangu nembo ya kiwandani, kabla Windows haijaamka, acha kuilaumu draiva. Chomeka waya wa HDMI kwenye televisheni ya nyumbani. Televisheni ikiwa safi na kioo cha laptopu kina mistari, tafuta tatizo kwenye kioo au waya wake. Sisi wa Raskazone na pwani kwa jumla tunajua hewa ya chumvi inavyokula viunganishi. Zote mbili zikiwa na mistari, na ipo hata kabla ya Windows, hapo kadi yenyewe ndiyo ya kutiliwa shaka. Angalia pia vumbi kwenye feni, maana kadi iliyopata joto hujifanya ina ugonjwa wa draiva.

Ruhusa nazo zina tabia yao. Kwenye diski za NTFS (mpangilio wa kawaida wa diski za Windows) kila faili lina mmiliki na orodha ya wanaoruhusiwa. Windows haikujui kwa jina. Inakujua kwa namba ndefu inayoanza na S-1-5-21. Ukipiga window upya ukajiandikisha kwa jina lilelile, unapewa namba nyingine. Ni kama ofisi ya mtaa iliyoanza daftari jipya la wakazi: nyumba ni yako, ufunguo unao, ila jina lako halimo. Ukifungua Properties ya folda, sehemu ya Security, utamwona mmiliki wa zamani kaandikwa Account Unknown na ile namba yake pembeni. Huyo ni wewe wa juzi.

Kuna vitu vinavyofanana na ruhusa lakini sivyo. Flashi zenye mpangilio wa FAT32 na exFAT hazina ruhusa kabisa, kwa hiyo flashi ikikunyima, fikiria uharibifu au swichi ya kuzuia kuandika iliyo pembeni ya baadhi ya kadi za kumbukumbu. Faili zilizogeuka njia za mkato baada ya flashi kupita steshenari tatu ni kirusi kimezificha, zipo. Programu ikikataa kuhifadhi kwenye Documents peke yake huku kwingine inahifadhi, tazama Windows Security, sehemu ya Ransomware protection; huenda Controlled folder access, kinga inayozuia programu isizoziamini kuandika humo, imewashwa na inafanya kazi yake. Na faili lenye alama ya kufuli ndogo kwenye ikoni yake huenda limefungwa kwa fumbo la EFS, njia ya Windows ya kufunga faili kwa ufunguo wa siri. Hilo usiliguseguse. Kubadilisha mmiliki hakulifungui, na ukipiga window bila kuhifadhi ufunguo wake umelizika.

Njia ya kwanza: kurudi nyuma

*Kwa draiva.* Ndani ya Device Manager bofya kadi mara mbili, nenda sehemu ya Driver, bonyeza Roll Back Driver. Draiva iliyokuwepo kabla ya sasisho inarudi, unawasha upya, umemaliza. Kitufe kikiwa kimefifia, hakuna ya zamani iliyohifadhiwa. Hapo kuna System Restore: bonyeza Windows na R, andika `rstrui`, chagua tarehe ambayo mashine ilikuwa nzima. Inarudisha faili za mfumo, draiva na sajili ya Windows. Programu ulizoweka baada ya tarehe hiyo zitaondoka.

Kasoro ni kwamba Windows Update inaweza kukuletea tena draiva ileile wiki ijayo. Ukisharudi nyuma, simamisha masasisho kwa muda, kisha usubiri uone.

*Kwa ruhusa.* Hapa njia hii ni dhaifu, nisikufiche. System Restore haigusi nyaraka zako, kwa hiyo wala haizirudishii ruhusa. Inasaidia tu kama ulijiandaa mapema: uliwasha File History inayotunza nakala za faili, au ulihifadhi orodha ya ruhusa kwa amri hii, inayoandikwa kwenye Command Prompt (dirisha la amri), kabla ya kuchezea chochote:

`icacls "D:\Mitihani" /save "%userprofile%\ruhusa.txt" /t`

Siku ukiharibu, unairudisha hivi:

`icacls D:\ /restore "%userprofile%\ruhusa.txt"`

Angalia kwamba unaporudisha unataja folda ya juu yake, D:\, si Mitihani. Na amri hiyo huhifadhi orodha ya ruhusa tu. Jina la mmiliki haihifadhi. Inafaa pia tu ukiwa bado unaweza kuifungua folda. Ukishafungiwa nje umechelewa.

*Gharama yake.* Bando sifuri. Roll Back ni dakika tano. System Restore inaweza kuchukua nusu saa na zaidi, na haitaki kukatizwa, kwa hiyo hakikisha betri ina chaji. Nayo inarudishika: ukikuta hali imekuwa mbaya zaidi, unaweza kuitengua. Ila laptopu nyingi ninazozipokea System Restore imezimwa, na mwenyewe hajui kwamba imezimwa.

*Inamfaa* mtu anayeweza kusema "jana ilikuwa nzima" na akaitaja hiyo jana. Anayesema "imekuwa hivi tangu niinunue" hana pa kurudi.

Njia ya pili: kutibu papo hapo

*Kwa draiva.* Hapa unatoa draiva mbovu na kuweka nzima bila kuigusa Windows yenyewe. Swali la kwanza ni draiva uitoe wapi, na hapo ndipo vijana wanapobishana.

Windows Update ndiyo rahisi: unaunganisha intaneti, unaingia Optional updates, unasubiri. Inachokuletea mara nyingi si kipya sana, lakini kwa mtu wa kuandika barua na kutazama mpira kinatosha. Tovuti ya aliyetengeneza laptopu yako ni ya pili. Kwa mashine za mtumba za maofisini kama Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad, mimi huanzia huko. Geuza laptopu, soma namba iliyobandikwa chini, iingize kwenye tovuti yao, upewe draiva zilizojaribiwa kwa mashine hiyo. Ya tatu ni tovuti ya aliyetengeneza chipu, yaani Intel, AMD au NVIDIA. Huko ndiko kwenye mpya kuliko zote, na anayecheza magemu mapya au anayehariri video ataihitaji. Kwa laptopu ya miaka minane, mpya kuliko zote si lazima iwe bora kuliko zote.

Kuna ya nne nisiyoitaka: zile programu zinazojitangaza kwamba zitakusasishia draiva zako zote kwa kubofya mara moja. Nimeshasafisha matokeo yake mara nyingi mno.

Kutoa ya zamani kuna ngazi mbili. Ngazi ya kwanza ni Uninstall device ndani ya Device Manager, ukiweka tiki kwenye kisanduku cha kufuta na draiva yenyewe. Bila tiki, Windows itairudisha ileile mashine ikiwaka. Kifurushi cha NVIDIA nacho kina chaguo la kuweka upya kwa usafi, ukichagua Custom. Ngazi ya pili ni programu ndogo ya bure inayoitwa Display Driver Uninstaller, watu huiita DDU. Inakung'uta kila kilichobaki. Unaitumia ukiwa Safe Mode, hali ambayo Windows inawaka na vitu vichache tu: shikilia Shift huku ukibofya Restart, pita Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha bonyeza 4. Chomoa intaneti kabla ya kuanza, la sivyo Windows itakimbilia kuweka draiva yake kabla hujaweka yako. Na kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya diski nzima, uwe na ufunguo wake wa dharura mkononi, maana unaweza kuulizwa njiani. Kwa wengi umehifadhiwa kwenye akaunti yao ya Microsoft.

Usianze na DDU. Ni kama kubomoa ukuta kwa ajili ya kutafuta waya. Lakini pale ambapo umetoka kadi ya AMD ukaweka NVIDIA, au draiva inakufa katikati ya kuwekwa kila ukijaribu, sijaona kinachoifikia.

*Kwa ruhusa.* Anza na kitufe cha Continue kilicho kwenye ujumbe wenyewe wa kukunyima. Kama akaunti yako ni ya msimamizi, Windows itakuongeza kwenye orodha. Subira inatakiwa, maana folda yenye maelfu ya picha inaweza kuonekana imeganda.

Kikikataa, fungua Command Prompt kwa Run as administrator, uandike:

`takeown /f "D:\Mitihani" /r /d y`

`icacls "D:\Mitihani" /grant "%username%":(OI)(CI)F /t`

Amri ya kwanza inakufanya mmiliki, ya pili inakupa ruhusa kamili juu ya folda na kila kilichomo. Nilipoifanya kwa mwalimu, kioo kilimwaga mistari inayoanza na SUCCESS, mmoja baada ya mwingine, na kila mstari una jina la faili: Kidato cha Pili, Kidato cha Tatu, majibu, majina ya wanafunzi. Alikuwa ameinama begani kwangu anayasoma kama anayepokea watoto stendi. Mwisho icacls ikaandika idadi ya faili ilizopitia na kwamba zilizoshindikana ni 0. Hiyo sifuri ndiyo ya kuitafuta. Ikiwa si sifuri, panda juu usome ni lipi limekataa.

Utakuta watu wanapendekeza amri nyingine:

`icacls "D:\Mitihani" /reset /t /c`

Hii inafuta orodha ya zamani na kuifanya folda irithi ruhusa za diski yenyewe. Ni safi na fupi, lakini kwenye diski D ya kawaida urithi huo huwapa ruhusa watu wote wenye akaunti kwenye mashine hiyo. Kwa laptopu ya peke yako hakuna neno. Kwa kompyuta ya chumba cha walimu, inayotumiwa na watu sita na wakati mwingine na wanafunzi wenyewe, umeiacha mitihani barazani. Hapo tumia ile ya /grant.

Na tahadhari niliyotamani ibandikwe ukutani kwa kila fundi: amri hizi ziishie kwenye folda zako. Usizielekeze C:\ nzima, inakokaa Windows, wala Windows, wala Program Files. Faili nyingi za humo mmiliki wake ni TrustedInstaller, akaunti ya Windows yenyewe, kwa makusudi. Ukimnyang'anya, masasisho yanaanza kushindwa na programu zinaanza kugoma, na kuzirudisha ruhusa zote zilivyokuwa kwa mkono ni kazi isiyo na mwisho. Unapoona ujumbe kwamba unahitaji ruhusa ya TrustedInstaller, jiulize kwanza kwa nini unataka kufuta faili hilo.

*Gharama yake.* Kwa ruhusa hakuna bando, ni muda tu. Kwa draiva ni kuanzia MB mia kadhaa, unaweza kuzipakua usiku bando likiwa nafuu ukaziweka kwenye flashi. Kurudishika ni nusu kwa nusu: draiva unabadilisha tena ukitaka, lakini mmiliki wa zamani ukishamtoa humrudishi kirahisi. Inahitaji pia utulivu wa kuandika amri bila kukosea hata nukta.

*Inamfaa* mwenye mashine ambayo mambo mengine yote ni mazima. Programu zake zipo, zimelipiwa au zimehangaikiwa, na hataki kuanza upya kwa sababu ya kadi moja au folda moja.

Njia ya tatu: kupiga window

Nimeisema vibaya kidogo huko juu, kwa hiyo niitendee haki. Iko siku ndiyo njia ya akili. Mashine iliyojaa virusi, mashine ambayo mtu kaendesha takeown juu ya C:\ nzima, mashine unayoiuza, au ile yenye Windows 10 ambayo msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025 na ina uwezo wa kubeba 11. Kuitibu kipande kipande mashine ya namna hiyo ni kumwonea mwenyewe.

Ila "kupiga window" ni maneno mawili yanayobeba kazi tatu tofauti, na tofauti zake ndizo zinazoamua kama utalia.

Ya kwanza ni kuweka Windows juu ya Windows. Unaingia ndani ya Windows inayofanya kazi, unafungua flashi, unaendesha setup, unachagua kubaki na faili na programu. Mfumo unasukwa upya lakini akaunti inabaki ileile na namba yake ileile, kwa hiyo ruhusa za diski D hazina ugomvi nawe. Inashangaza jinsi mafundi wachache tunavyoitumia.

Ya pili ni Reset this PC kwa kuchagua Keep my files. Nyaraka zinabaki, programu zinafutwa. Ukichagua kupakua kutoka mtandaoni inaweza kula GB 4 au zaidi; ukichagua iliyopo ndani ya mashine haili kitu.

Ya tatu ndiyo hiyo ya kibandani: flashi, kufuta diski C, kuanza mwanzo.

*Kwa draiva.* Windows mpya ikipata intaneti hujitafutia draiva nyingi yenyewe. Isipopata, ndiyo ile hali ya ikoni kama vigae. Kabla ya kufuta, tengeneza folda ya draiva kwenye D, kisha:

`pnputil /export-driver * D:\draiva`

Hiyo inatoa nakala ya draiva zote zilizoongezwa kwenye mashine, za Wi-Fi, sauti na nyinginezo. Ukimaliza kuweka Windows:

`pnputil /add-driver D:\draiva\*.inf /subdirs /install`

Umeokoa bando na nusu siku. Tahadhari moja: kama iliyokuwa inaumwa ni draiva ya kioo, hiyo usiirudishe kutoka kwenye nakala; itafutie nyingine, la sivyo umehama nyumba na kunguni wako.

*Kwa ruhusa.* Inaponya ruhusa za mfumo zilizovurugika, na hakuna kinachoiponya hali hiyo vizuri zaidi. Lakini hapohapo, ile ya kufuta C inazaa tatizo jipya kwa folda za D zilizofungwa kwa akaunti ya zamani. Ndilo lililompata mwalimu. Na ikiwa Windows mpya imewekwa bila kufuta, vitu vyako vya C vinakaa kwenye folda ya Windows.old, ambayo kwa kawaida mfumo huifuta wenyewe baada ya siku 10. Usiseme utavitoa mwezi ujao.

*Gharama yake.* Kubwa kuliko zote: saa kadhaa, hela ya fundi, programu kuwekwa upya, nywila zilizosahaulika kuulizwa tena. Ukishafuta C hakuna kurudi. Kwa mwenye fumbo la EFS au BitLocker bila ufunguo wake, ni kufa na vitu vyake.

*Inamfaa* anayetaka mashine safi, na ana nakala ya vitu vyake mahali pengine ambayo ameshaifungua kwa macho yake akaona inafunguka.

Sasa wewe ni nani kati ya hawa?

Kioo kimeanza kuzimazima baada ya sasisho la juzi, faili zote zinafunguka: rudi nyuma. Ikirudia tena baada ya wiki, nenda njia ya pili ukaweke draiva ya aliyetengeneza laptopu.

Ni mwanafunzi, laptopu ya mtumba ndiyo umeinunua, ikoni kubwa, mwanga haubadiliki: huna pa kurudi. Unganisha Wi-Fi ya mtu unayemwamini, acha Windows Update ifanye kazi kwanza. Ikishindwa, tumia ile namba iliyobandikwa chini ya laptopu kwenye tovuti ya aliyeitengeneza.

Una steshenari na kompyuta moja inayotumiwa na kila anayekuja kuprinti, na kila wiki kuna kipya kinachogoma: usihangaike kutibu kimoja kimoja. Piga window safi mara moja, washa System Restore siku hiyohiyo, watengenezee wateja akaunti ya kawaida isiyo ya msimamizi.

Umetoa diski kwenye laptopu iliyokufa ukaichomeka kwenye nyingine, na folda za Users zinakukatalia: hakuna cha kupiga window hapo. Ni kitufe cha Continue, kisha takeown na icacls juu ya folda hiyo peke yake, kisha nakili kwenda diski nyingine. Nakala itachukua ruhusa za huko inakokwenda.

Draiva imegoma na ruhusa zimegoma kwa pamoja, na hujapiga window hivi karibuni: mashaka yangu ni virusi, au mkono wa mtu aliyechezea C. Nakili vitu vyako kwanza, kisha jaribu Windows juu ya Windows. Isiposaidia, futa.

Unatunza mitihani, vitabu vya hesabu vya duka, au picha za wateja: hata kama fundi ana haraka, usimwachie laptopu ukaenda sokoni. Kaa naye. Kabla hajachomeka flashi muulize mambo mawili: "Unafuta C peke yake, au na D?" na "Draiva umezitoa nakala?" Akisita kujibu la kwanza, funga laptopu, mwambie utarudi kesho, uende ukatafute diski ya nje.